Ngoma Inayongoja Kujibiwa

Ngoma ya Mama Hadija hunyamaza katikati ya wimbo. Anapiga, anainua mikono, anangoja, kisha anaendelea. Wageni hudhani amesahau. Kumbe anaiachia nafasi ngoma ya pili, ambayo haipo.

Nilimkuta mtaa wa Tuwan, Kitale, karibu na msikiti. Ziwa lilipofurika na kumeza kisiwa chao, watu wake walitawanyika. Yeye alibeba ngoma kubwa, inayoita. Mdogo wake, Sudi, alibeba ndogo, inayojibu, akahamia Bokoli, Bungoma. Kwa desturi yao, bibi arusi hatoki chumbani mpaka ngoma iite na ijibiwe. Jumamosi mjukuu wa Mama Hadija anaolewa.

"Nenda wewe kwa Sudi, umwombe aje na ngoma," aliniomba. "Mimi nikipiga simu anakata. Ati nilimcheka."

"Ulimcheka?"

"Kidogo tu."

Asubuhi nikashika njia kwa pikipiki. Baada ya Kamukuywa mvua ilininyeshea hadi karibu na Bokoli, na nilifika kwa Sudi nikiwa nimelowa. Alikuwa akipukuchua mahindi na jirani yake, Wafula. Aliniletea chai kabla ya kuniuliza jina.

"Dada amekutuma," alisema. "Alinicheka mbere ya watu, sababu ya watoto wangu."

Wimbo wao husema, "Sisi ni wa mbari moja," yaani ukoo mmoja. Watoto wa Sudi, waliozaliwa Bokoli, huimba "mbali moja." Mama Hadija alisema mbele ya wageni kwamba kweli wamekwenda mbali, hata ukoo wao hawaujui.

"Si huku r na l ni ndugu, bana!" Wafula alidakia. "Mtu atazitenganisha aje?"

Sudi hakucheka. Aliingia jikoni, akaipasha ngoma moto hadi ngozi ikakazana, akapiga jibu lote mara moja, jepesi, la haraka.

"Umesikia r hapo?"

"Hapana."

"Na l?"

"Hapana."

"Basi. Kamwambie."

Jioni nilirudi Tuwan, nikamweleza Mama Hadija kila kitu. Aliivuta ngoma yake, akapiga mwito, akainua mikono. Safari hii alingoja muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwandikie," alisema hatimaye. "Aje na watoto. Waje na hiyo mbali yao."

Niliutuma ujumbe palepale. Sudi ameusoma. Leo ni Ijumaa, na bado hajajibu.