Kitambaa cha Nekoye Miguuni mwa Heroe

Saa mbili asubuhi, moshi wa kuni unapanda nyuma ya stoo ya mabati karibu na Ziwa Nakuru, na Khisa Masinde amechutama akipuliza moto chini ya debe. Ndani ya debe, bata mwitu aliyeokotwa Naivasha anachemka polepole katika maji ya magadi.

"Leo supu ya nani, mzee?" anauliza Gurbachan, fundi seremala anayeunda masanduku mlangoni.

"Yako, fundi. Nimekuwekea kucha."

Khisa ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka tisa kazi yake imekuwa moja: kutoa nyama kwenye mifupa ya ndege waliokufa, kuisafisha na kuipanga, ili wataalamu wa ng'ambo waisome. Analipwa shilingi sitini na tano kwa mwezi, pamoja na harufu isiyotoka hata Jumapili. Jina lake halimo kwenye karatasi ya sanduku lolote. Majina ya wakubwa yamo yote, hata ya wale ambao hawajawahi kusogelea debe.

Kazi hii hakufundishwa shuleni, maana shule aliiacha darasa la pili. Alifundishwa na mkewe, Nekoye. Kwao Bukusu, kuku wa mgeni hapigwi shoka. Hufunguliwa kiungo kwa kiungo, na kila kipande kina mwenyewe. Kipande kimoja kikipotea, mke ana kesi ya kujibu.

"Nekoye alikuwa anafungua kuku kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake," Khisa anasema. Hata kipimo cha magadi ni chake, kile kile alichotia kwenye mboga: vidole vitatu, basi. Yakizidi, yanakula mfupa.

Nekoye alifariki mwaka wa 1953, miaka michache iliyopita. Gari la kambi ya reli walikoishi, ambalo lingempeleka hospitali, lilikuwa limetumwa kuchukua viti vya karamu ya mkubwa mmoja.

"Viti vilifika salama," Khisa anasema, na hapo anarudi kwenye debe. Aliyewahi kuzika mke hatamuuliza zaidi.

Msimamizi wake, Bwana Thorley, ndiye aliyemweleza kwamba ndege wote wametoka katika ukoo wa viumbe wenye magamba, na kwamba kule Ulaya alipatikana ndege ndani ya jiwe, ana meno mdomoni. Khisa hakubisha. Aliuinua mguu wa kuku, akamwambia kwamba kuku magamba bado anayo, alisahau tu kuyavua.

Basi zamani hizo, wale mijusi wakubwa kama nyumba walipoisha duniani, ndege wachache walisalia, na wajukuu zao wakatawanyika kwa haraka kama watu waliosikia kuna ardhi ya bure. Huyu akaenda majini, yule mtini, mwingine akachagua kula wenzake. Waliachana upesi mno, ndiyo maana leo wasomi wanagombana nani ni ndugu ya nani. Ugomvi mkubwa ni juu ya heroe, yule ndege wa waridi anayejaa ziwani hapa. Wengine humwita ndugu ya korongo, kwa ajili ya miguu. Wengine husema bata, kwa ajili ya utando wa vidole.

Khisa ana neno lake. Ameshika migongo ya ndege hao wote. Ya heroe ina mifupa iliyoshikana ikawa kipande kimoja. Ya korongo na bata haikushikana hivyo. Kati ya ndege wa majini aliowashika, mwingine mwenye mgongo kama huo ni kibisi, ndege mdogo wa kuzama na kuibuka, ambaye hata ndani ya kofia anaenea. Kisha akashika mayai: la heroe kutoka Elmenteita, la kibisi kutoka Naivasha.

"Yote yanaacha chokaa kidoleni," anasema. "Chokaa ile ile."

Kwa hiyo wiki iliyopita akawaweka sanduku moja, kama ndugu wanavyokaa pamoja matangani. Bwana Thorley alipowakuta, alimuuliza kama amekunywa.

"Bwana, kaka yangu ananifika hapa," Khisa alimjibu, akigusa kifua. "Na tumelala tumbo moja."

Haikusaidia. Bwana Thorley aliamuru heroe aende na korongo, kibisi awekwe sanduku lake, na masanduku yote yapakiwe kwenye treni Jumamosi. Yakishapigwa misumari, Khisa hatayaona tena, wala huko yaendako hakuna atakayejua kwamba kuna mtu Nakuru aliyeona jambo.

Alitii. Mshahara una meno makali kuliko yule ndege wa kwenye jiwe. Lakini jioni ile alichana ukingo wa leso kuukuu ya Nekoye, nyekundu. Katika kambi ya reli, ambako kuku wa nyumba zote huchanganyika, kila mama hufunga kitambaa cha rangi yake mguuni mwa kuku wake. Nyekundu ilikuwa ya Nekoye. Khisa akafunga kipande kwa heroe, na kingine kwa kibisi.

Leo Ijumaa, Bwana Thorley anakuja kukagua. Anaviona vitambaa, anauliza ni uchafu gani. Gurbachan ameshika nyundo, haipigi.

"Ni alama ya nyumba, Bwana. Kuku hata akilala kwa jirani, anajulikana kwao."

Bwana Thorley anapitisha kidole gumba mgongoni mwa heroe, taratibu, kisha mgongoni mwa kibisi. Anarudia. Mwishowe anasema kwamba kwenye karatasi jambo hilo haliandikwi.

"Lakini usivifungue," anaongeza, na kumwashiria fundi apige misumari.

Khisa anarudi kwenye moto wake. Hana haja ya kusifiwa, anasema. Wenye kusifiwa wapo, wanalipwa kwa kazi hiyo. Anachongoja ni siku moja tu, hata akiwa amekwisha kulazwa karibu na Nekoye.

"Kuna mtu atafungua masanduku mawili yasiyohusiana," anasema, akitia magadi kwa vidole vitatu. "Ataona kitambaa kile kile kotekote. Atauliza, hawa ni wa mama gani?"