Nyota ya Mupangaji Wangu

Mi siamini mutu upesi. Kuku mugeni hakosi kamba muguuni, na Gad alikuwa mugeni kabisa: alirudi kutoka Kongo, akapanga chumba nyuma ya nyumba yangu hapa Gisenyi, akapata kazi ya kupiga picha za eksirei hospitalini. Mutu mupole. Wapole njo naogopa zaidi.

Kila jioni, giza likiingia, alisimama uani na jumelle machoni, ile darubini ya macho mawili, anatazama juu. Tochi yake aliifunga kitambaa chekundu. Anaiwasha, anaandika namba, anaizima. Halafu namba zile anazipeleka hotelini, zinatumwa Ubelgiji kwa faksi. Mwaka wa 1998, yewe! Abacengezi, wale waasi wa porini, walikuwa wanashuka kutoka milimani kuua watu, na huyu anawasha taa nyekundu na kuizima. Nani asingesema ni ishara?

Niyonzima, mukubwa wa irondo, ile zamu ya kulinda mutaa, akaja na wanaume wake. "We unamuitikia nani?"

Gad akaeleza. Iko nyota moja inayotoa miale ya eksirei, na mwanga wake unapanda na kushuka. Satelaiti inapima eksirei, watu wa Ulaya wanapima joto, yeye anapima mwanga unaoonekana kwa macho, akiulinganisha na nyota za jirani. Wakikutanisha vipimo vyote, watajua kinachoisumbua. Kitambaa ni cha kulinda macho, yasipofushwe na tochi.

"Eksirei? Kwani nyota imevunjika mufupa?" Niyonzima hakucheka. "Bon. Unasema inageuka. Tutaitazama pamoja wiki nzima. Isipogeuka, utaenda kujieleza kwa askari."

Ajieleze mwaka ule, na taa yake na namba zake? Nani angemusikiliza?

Wiki ikaisha. Nyota ilikaa vile vile, mukaidi. Jioni ya mwisho nikamuvuta Gad kando. "Sema tu imepungua! Huyu hajui kitu."

"Mama, nikidanganya, vipimo vya wenzangu vyote vitaharibika."

"Na we ukiharibika?"

Mujinga yule! Nilitaka kumuzaba kofi. Akamuendea Niyonzima, akasema, "Haijageuka."

Niyonzima akamutazama sana. "Mwenye kuficha kitu angeshasema imegeuka. Lakini bado sikuamini. Jumelle inabaki kwangu."

Gad akakosa hamu hata ya chakula. Jioni moja mulango ukagongwa kwa fujo. Niyonzima, anahema.

"Verediane, Gad iko wapi?"

"Hayuko!" nilisema, nikaziba mulango kwa mwili wangu wote.

Mujinga akatokea mwenyewe nyuma yangu. Niyonzima akamushika mukono. "Imepungua! Tangu juzi naiona na jumelle yako. Ile nyota ya kushoto sasa inaishinda."

"Inaishinda kiasi gani?" Gad aliuliza, macho yanawaka.

Niyonzima akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Kwanza we niambie. Nani mwingine anajua? Ao sisi njo wa kwanza kuiona?"