Fundi wa breki aliyekataa kupanda gari aliyoitengeneza mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, huku Rusizi. Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo naweka yangu, na sitaongeza chumvi, ilivyo inatosha.

Nina pikapu ya zamani, karibu tulingane umri. Inabeba ndizi na mihogo kutoka Gashonga hadi Rusizi II, kwenye daraja la mpakani la kwenda Bukavu, ng'ambo. Mwuzaji ni mke wangu, Maman Neema. Anapanda mbele na mtoto wetu, mimi naendesha.

Waliofika huku wanajua ile barabara ya kushuka mpakani. Mteremko, kona, chini mto. Injini ikizima utasukuma, lakini breki zikikataa hakuna wa kumlaumu tena.

Sasa gurudumu la mbele likaanza kulia chuma kwa chuma, pedali inazama. Nikajua plakete zimeisha, nyie mnaziita brake pads.

Nikampelekea Papa Riziki. Huyu si fundi wa kuokota barabarani. Tunasali kanisa moja, watoto wetu walibatizwa pamoja.

Akafungua, akasema plakete za gari hii upande wetu hazipo, ataagiza Bukavu. Akazichukua zile zilizoisha ziende kama sampuli. Gari ikalala kwake.

Kesho yake zikaja, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge.

Hapa niwaeleze kitu. Huku vipuri vingi vinavuka bila katoni. Wanaovusha wanaitupa katoni ng'ambo, wanapaka kipuri vumbi na grisi kidogo kionekane cha kutumika, ili mpakani wasisumbuliwe na watu wa ushuru. Kwa hiyo kipya na kikuukuu vinafika na sura moja. Tumeshazoea, hakuna anayeuliza, na mimi sikuuliza.

Kilichonishtua ni kimya chake. Papa Riziki ni mdomo, anafunga nati huku anakusimulia habari za mtaa mzima. Siku hiyo alifanya kazi amenipa mgongo, bubu.

Halafu kuna desturi yetu. Fundi akibadilisha kitu, cha zamani anakurudishia mkononi, hata kama ni takataka. Nikamwomba plakete zangu.

"Zile balibaki nazo kule, Papa Neema. Utafanya nazo nini?"

Nikacheka, lakini moyo haukucheka. Nani huko ng'ambo ana haja na plakete zilizokwisha?

Nikamwambia basi panda, twende tujaribu mpaka kona ya kwanza. Fundi wa breki huku lazima ashuke na wewe ule mteremko wa kwanza, ndicho kiapo chake.

"Leo hapana, tumbo inaniuma. Enda tu, iko muzuri."

Wakuu, tumbo hilohilo nililiona muda si mrefu likipokea maandazi.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumkaba palepale. Nilimwonea haya. Utamwitaje mwongo mtu mnayepeana amani kila Jumapili? Nikaogopa kumwaibisha kuliko nilivyoogopa mteremko. Nikapanda, nikawasha.

Nilishaweka gia Maman Neema alipotokea, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Akaweka beseni nyuma juu ya ndizi, akaingia mbele, akamhamishia mtoto mapajani.

Papa Riziki akaja mbio upande wa mke wangu, akaushika mlango usifungwe.

"Maman, shuka kwanza na mutoto."

"Juu ya nini?"

Alikuwa anaangalia gurudumu.

Nikazima gari. Nikamwambia litoe. Akalitoa bila ubishi, na hapo ndipo nilipojua, maana mtu asiye na kosa angebisha.

Plakete zilikuwa zilezile zangu. Zilivuka daraja, zikabandikiwa vitambaa vipya, ile sehemu inayosuguana na chuma, kwa gundi, zikarudi kuitwa mpya. Nikachomeka bisibisi pembeni, ikabanduka kama ganda la ndizi. Na gundi ile haikuwa imeonja joto la mteremko bado.

"Kule balisema inashikaka," akasema. "Mi niliona haishike vizuri. Nilipata haya ya kukuambia."

Nikamwacha na haya yake. Nilitafuta fundi mwingine, plakete nyingine, na huyo akapanda mwenyewe bila kuombwa, tukashuka hadi mpakani akilalamikia redio yangu.

Somo langu ni fupi. Dai cha zamani chako, na fundi apande. Akikataa kupanda, na wewe usipande, hata kama ni mchungaji wako.

Lakini kuna jambo halijaniisha. Maman Neema mpaka leo anamsalimia vizuri, anasema yule mtu alimwokoa yeye na mtoto. Ni kweli, aliwaokoa.

Ila mimi nilikuwa nimeshawasha, niko peke yangu kwenye usukani, na gia imeingia. Papa Riziki alisimama pale ananitazama, na hakusema kitu.

Jumapili ananinyooshea mkono wa amani. Wakuu, nyinyi mngeupokea?