Msimu Ambao Riziki Hakutaka Uishe

Chumba cha michezo cha Riziki kiko karibu na bandari ya Baraka, kando ya ziwa: televisheni tatu na mashine zake za kuchezea, betri za sola, viti vya plastiki. Mashine ya kona ndiyo kuukuu kuliko zote, na hakuna mteja anayethubutu kuigusa. Wanamtania kwamba ni mke mwenza wake. Si uongo sana, maana mle ndani mumewe, Vainqueur, angali anacheza mpira.

Timu aliiunda Vainqueur mwenyewe, kabla dhoruba haijaizamisha boti yake njiani kwenda Nundu. Mchezo ule wa zamani ulikuwa na akili ambayo katika hii mipya, pamoja na makelele yake yote, sijaiona: ulikuacha umtengeneze mtu, jina, urefu, hata namna ya kukimbia, kisha ukamzeesha. Kila msimu mwaka mmoja. Vainqueur alijipa namba tisa, anakimbia mabega juu kama mtu aliyenyeshewa. Ndivyo alivyokimbia kweli.

Ziwa halikumrudisha. Kaburi hakuna. Na mle ndani ametimiza miaka thelathini na mitano. Skrini imetangaza kwamba msimu ukiisha anatundika daluga. Imebaki mechi moja. Kwa miaka miwili Riziki ameiwasha, akamtazama akipasha misuli, akaizima kabla ya filimbi. Mara nyingine huhisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake, na haogopi hata kidogo. Anachoogopa ni mechi ile kuisha.

Siku ya kuondoa matanga, baada ya miaka hiyo yote ya nguo nyeusi, wageni walipokwisha kula, shemeji yake Darius, mdogo wa Vainqueur, alimfuata kwenye mashine.

“Shemeki, nguo nyeusi tumetoa. Na hii maliza. Unamufunga mukubwa wangu humu ndani.”

“Nikimaliza, mi nitabakia na nini?”

Darius alimsogezea kiti. Riziki alilia, akaketi, akacheza. Walifungwa mawili kwa moja, na hilo moja lilikuwa la Vainqueur. Jina lake likafifia kwenye skrini. Riziki mwenyewe akabonyeza kuhifadhi, ili asiweze kurudi nyuma.

Msimu mpya ukafunguka na orodha ya vijana waliojiunga. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mchezo ule humrudisha mstaafu akiwa kijana. Jina la tatu: Vainqueur, miaka kumi na saba.

“Amerudi!” Darius alipiga kelele. “Ona, shemeki, amerudi!”

Riziki aliigusa skrini. Yeye na mumewe walikutana mara ya kwanza Kilembwe, Vainqueur akiwa na miaka ishirini na miwili.

“Amerudi,” akasema, “lakini hajanijua bado.”