Jina Lililoandikwa Palasa

Nilipokuwa mtoto, tukiishi Kiminini, mdogo wangu alilia karibu wiki tatu. Alinyamaza akinyonya tu, kisha akaanza tena. Nilimbeba mgongoni nikizunguka boma, na mpaka leo nikisikia mtoto analia hivyo, miguu yangu haitulii.

Kukhu, mama yake Baba, alikuja kutoka Misikhu, akamtazama, akasema, "Huyu anadai jina."

Kwetu Wabukusu tuliamini hivyo: marehemu asiyetaka kusahauliwa humliza mtoto mpaka apewe jina lake. Kukhu akataja wafu wote aliowajua. Kilio hakikukatika. Likabaki jina la Barasa, kaka yake Kukhu, aliyekwenda Kitale ujanani kutafuta kazi ya shamba, asirudi. Hilo aliogopa kulitoa. Kama Barasa yu hai, kumpa mtoto jina lake kungekuwa kumwombea kifo.

"Basi twende tuulize kama alizikwa," Mama akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Katika ofisi ya makaburi ya Kitale, karani alipitisha kidole kwenye rejista kuukuu huku mtoto akipiga mayowe.

"Barasa hakuna, kukhu. Si nimeangalia mara mbili?"

"Angalia tena, bana. Balasa. Balasa wa Misikhu."

Nilimsikia anavyolitamka, nikajiuliza aliyeandika zamani alisikia nini. "Na kama waliandika na P?" nikauliza.

Karani akarudi nyuma kurasa kadhaa. Kidole kikasimama. "Palasa. Kibarua wa shamba. Kwao Misikhu." Akashusha kidole. "Na hapa chini, siku hiyo hiyo: mtoto wa Palasa, wa kike, siku mbili. Hana jina."

Kukhu akakaa sakafuni. "Alikuwa na mtoto," alisema. "Na hakuna mtu alituambia."

Kisha akainuka. "Mwandikie jina hapo. Andika Nekesa, jina langu."

"Haiwezekani, kukhu. Hii kitabu ni ya serikali."

Kukhu akaweka kiganja juu ya mstari ule, akaliita jina mwenyewe, kwa sauti, mpaka watu wa foleni wakageuka.

Jioni hiyo mdogo wangu aliitwa Barasa. Alinyamaza siku mbili baadaye, lakini siku hizo hizo Mama alikuwa amepewa dawa ya masikio ya mtoto kliniki, na nyumbani bado tunabishana ni kipi kilichomtuliza.

Mimi ubishi huo siushiriki. Tangu hapo nimefungua rejista nyingi za mazishi nikitafuta watu wetu, na kila mara hunijia wazo kwamba Barasa na binti yake walikuwa wamelala karibu na soko la Kitale tulikonunulia sare za shule, nasi hatukuwahi kwenda kuuliza. Kukhu alikuwa na desturi ya kumsimamisha kila mgeni aliyetoka Kitale na kumuuliza habari za kaka yake. Baada ya safari ile aliacha. Nilidhani amepata amani. Sasa nimekua, nakumbuka alivyokuwa akiwatazama wageni wale wakipita, bila kujua sasa awaulize nini.