Nilimwonea Jirani Wivu, Mtoto wa Dada Yangu Akakosa Shule

Jamani, kosa ni langu. Nimeshajaribu kusingizia mvua, nikajaribu kusingizia maji ya bondeni, haikusaidia. Ni mimi.

Naishi Mlabani, hapa Ifakara. Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilinunua mashine mbovu nikajifunza kwa kuharibu vitambaa. Labda ndiyo maana siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Rinda likienda upande kidogo, nafumua lote.

Kila msimu wa mpunga dada yangu na mumewe wanahamia shambani, mbali, upande wa Mngeta. Wanaishi kwenye kibanda mpaka mavuno. Wengi huku tunaishi hivyo, shule zinafunguliwa Januari wazazi wako bondeni. Mwaka huu dada aliniachia binti yake, anaingia darasa la tano. Nitamwita Upendo, si jina lake.

Nilijiapiza Upendo ataanza mwaka vizuri kuliko mtoto yeyote mtaani! Sare nilimshonea mwenyewe. Madaftari nilimfungia makava mwenyewe, ya kwanza yakapinda, nikayachana. Akiandika vibaya, nachana ukurasa, anaanza upya. Mara nyingine alikuwa analia huku anaandika, na mimi nasimama nyuma yake.

Shule ikafunguliwa. Kila asubuhi Upendo anashika tumbo.

"Mama mdogo, tumbo linauma."

"Linauma wapi? Vaa viatu."

Nyumba ya pili anakaa dada mmoja, nimwite Salome, anauza vitumbua. Jioni watoto wa mtaa wanakaa barazani kwake kufanya kazi za shule. Hana ubao, hana fimbo. Anakuna nazi huku anawauliza maswali, wanacheka. Upendo akaanza kwenda. Na kwa mdomo wangu nasema: lile tumbo lilipona.

Siku moja akarudi anarukaruka. "Mama mdogo! Dada Salome kasema nikikosea nisichane. Nipige mstari, niendelee. Leo nimemaliza hesabu zote!"

Nikaangalia daftari. Mistari imejaa kama nyayo za kuku kwenye matope. Lakini hesabu kazipata! Mimi nilikuwa nimehangaika naye likizo nzima, zikagoma.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikasema, "Basi nenda ukalale kwa huyo Dada Salome wako."

Akacheka, akadhani natania.

Kuanzia hapo nikawa nachungulia. Nikisikia kicheko chake kule barazani, sindano inanichoma kidole. Nimemwogesha mimi, nimempikia mimi, halafu anayechekewa ni mwingine!

Nikampigia dada simu. Kule shambani mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu tu, kwa hiyo akipokea anajua ni jambo. Nikamwambia, "Dada, mtoto hashikiki. Anashinda kwa jirani, na pale vijana wa kiume wanaingia na kutoka."

Kijana nilimwona mmoja, mara moja tu. Alikuwa mdogo wake Salome, ameleta kuni.

Nilitaka dada amkataze kwa simu, basi. Lakini dada ni mama. Akasema, "Mdogo wangu, bora akose shule kidogo kuliko aharibike." Kesho yake shemeji akafika na pikipiki. Upendo alipanda na sare yake, akilia, "Nimefanya nini? Mama mdogo, waambie sijafanya kitu!"

Nilifunga mdomo. Nisameheni, nilifunga mdomo!

Mvua ikanyesha. Bonde likajaa, njia ikakatika, pikipiki haipiti. Wiki zikaenda. Wenzake wanasonga na masomo, yeye yuko shambani anapanda mpunga na mama yake. Mwalimu alipomuulizia, nikasema anaumwa. Uongo juu ya uongo. Na maneno yangu kuhusu vijana, sijui yalipitaje, yakafika kwa akina mama wengine. Baraza la Salome likabaki tupu.

Maji yalipopungua Upendo akarudi, tumbo nalo likarudi naye. Kila kitu ubaoni kilikuwa kigeni. Ndipo nikampigia dada, nikamwambia ukweli.  Akasema, "Nilikuachia wewe kwa sababu ndiye pekee niliyemwamini." Akakata.

Nikaenda kwa Salome. Nilimkuta anageuza vitumbua, nikaungama nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Ungeniambia tu, dada, kwamba unamtaka peke yako. Ningekurudishia." Heri angenimwagia mafuta!

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa wale akina mama kufuta maneno yangu. Wengine walinisikiliza, mmoja akaniambia, "Sasa tukuamini lini, juzi au leo?"

Upendo amerudi barazani, na watoto wachache. Anajikokota, ila anakwenda. Nyumbani ananisalimia shikamoo kwa adabu zote, anaosha vyombo bila kutumwa, na hanionyeshi daftari tena. Nikimuuliza shule vipi, anajibu, "Nzuri, mama mdogo." Basi. Nimekaa na mgeni mwenye heshima.

Na wivu haujaisha, nisiwadanganye. Jana nimemsikia anacheka kule, nikaumia vilevile.

Wewe uliyeachiwa mtoto wa ndugu yako, nisikilize. Siku ukimsikia anacheka kwa jirani na moyo ukakuuma, fagia uwanja, chambua mchele, lia chumbani kama ni lazima. Simu usiiguse!