Vitunguu vya Gunia kwa Wali wa Kiporo

Siku ya kwanza Ngatirah kufika kwenye kibanda cha Sartinah, soko la Delanggu, hakuuliza bei. Aliokota kitunguu kimoja, vile vidogo vyekundu, akakibonyeza kwa dole gumba, akakirudisha.

"Hivi vimevunwa mvua ikinyesha, Bu Sar. Vikiingia kwenye mafuta vitachemka tu."

"Kama hununui, Yu, dada yangu, usinitilie nuksi."

"Nanunua. Ila hiyo bei ni ya vitunguu au ya kiwanja?"

Wakavutana mpaka muuza tofu akaacha kazi yake akawatazama. Ngatirah akaondoka na vile vikavu vilivyofichwa chini ya meza, kwa bei ya vilivyolowa. Sartinah, aliyeanza na tenga la kuazima na sasa alikuwa akiiuzia vitunguu nusu ya migahawa ya mji, ilimuuma. Akaulizia habari za mwanamke huyo. Akaambiwa ni mjane, alipika miaka mingi kwenye jiko la kiwanda cha sukari hadi kikafungwa. Anakaa nyuma ya msikiti na anatafuta pa kuuzia wali wa asubuhi. Jina hilo akaliweka kichwani.

Mwaka huohuo lilimfaa. Mumewe, Pak Wiryo, alipona homa lakini chakula kikamshinda. Daktari alisema dawa imemaliza kazi yake. Asipokula atarudi kitandani, na safari hiyo huenda asiinuke. Sartinah akanunua supu, akanunua kuku. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda.

"Unatamani nini, Pakne?" akamwuliza mumewe.

"Wali wa kukaanga. Wa nyumbani, kama wa mama."

Hapo pakawa pagumu. Maisha yake yote Sartinah alikuwa sokoni kabla ya jua; chakula cha nyumba yake kilinunuliwa kimefungwa kwenye jani la mgomba. Lakini kukaanga wali, nani anashindwa? Akapika wali mpya wa mchele wa hali ya juu, maana kumpa mgonjwa kiporo aliona ni kumdharau, akaumimina karaini ungali unafuka. Pak Wiryo akaonja kijiko kimoja.

"Uji umeungua huu, Bune," akasema kwa upole, akageukia ukutani.

Sartinah akaenda nyuma ya msikiti, kwa Ngatirah.

"Njoo unisaidie mume wangu ale, Yu. Taja unachotaka."

"Nafasi mbele ya kibanda chako, kila asubuhi."

"Pale naweka magunia!"

"Basi kawapikie magunia."

"Haya. Lakini ale kwanza."

"Atakula. Na utapika wewe. Mimi sihamii kwako."

Jioni hiyo kwa jirani kulikuwa na khitma, na kila nyumba ikaletewa kisanduku cha chakula cha baraka. Alfajiri Ngatirah akaja na chake, hajakigusa.

"Chako kiko wapi?"

"Nimewapa kuku."

"Kuku wako wana bahati kuliko mumeo."

Wali wa kisanduku ulikuwa umelala wazi, punje zimeachana, na vipande vya viazi na nazi iliyokaangwa ndani yake. Sartinah akaleta vitunguu vyake vya nyumbani, vilivyooza upande mmoja, kwani muuza vitunguu hurudi nyumbani na vilivyokataliwa na wateja. Ngatirah akavitupa nje.

"Lete vya gunia."

"Vile vimeshauzwa!"

"Na mumeo umeshamuuza?"

Sartinah akavileta. Akavisaga kwenye kinu cha jiwe pamoja na saumu, pilipili na kidonge cha uduvi uliovundikwa, kilichobanikwa kwanza kwenye makaa. Viungo vikaingia karaini kabla ya wali. Moshi ukapenya chumbani, na humo ikasikika chafya.

"Bune! Nani yuko jikoni?"

"Mkeo!"

"Usinitanie, mimi mgonjwa."

Akaja kuhakikisha, ameshika ukuta. Sartinah alikuwa akimimina mchuzi mtamu mweusi wa soya pembeni mwa karai. Pak Wiryo akakaa kwenye kigoda, akala, kisha akaomba ukoko.

Magunia yalihamishwa juma hilohilo. Foleni ya wali wa Ngatirah imemziba Sartinah, na wageni humpita bila kumwona. Ngatirah ana kibanda bila kujenga, na vitunguu bado anavinunua kwa ubishi. Sartinah hulalamika kwa kila mtu, ila hajawahi kumwomba aondoke. Mumewe amerudi kulima mpunga, na kila jioni humkumbusha mkewe abakize wali.